Nilivyotangaza Msiba wa Baba Mnene wa Kwenye Katuni

Kipindi kile Tunduma nzima ilijua, na mimi nilijua kuliko Tunduma nzima, kwamba yule baba mnene wa kwenye katuni ya vichekesho atakufa siku ya Krismasi. Habari aliileta dereva mmoja wa lori ambaye alikwama kwenye foleni ya mpakani mpaka watu wakaanza kumsalimia kama jirani. Alisema mchoraji wa katuni ile amefariki, na kwa wenzetu Wazungu mchoraji akifa, mtu aliyemchora lazima naye azikwe hadharani, kwenye kipindi maalumu cha sikukuu, la sivyo anaanza kuwatokea watoto ndotoni. Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nilivua kofia, nikamwuliza kama atazikwa au atachomwa moto.

Sasa nawasimulia aibu yangu mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu wa Mbebe, maana wao wanaongeza chumvi, na mimi sipendi mtu mwingine aongeze chumvi kwenye mambo yangu wakati ya kwangu bado ipo.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, kidato cha nne, na Kiingereza nilikuwa nimepata alama ambayo si nzuri wala si mbaya, ni ile ya kumwonea huruma mtahiniwa. Darasani ndiko nilikompata Atupele. Yeye Kiingereza alikuwa anakimeza kama uji, ila ni mtu wa kunyamaza, na mimi ni mtu wa kuongea, kwa hiyo mtaani msomi nikaonekana mimi. Krismasi ile akanipeleka kwao Mbebe, huko juu milimani Ileje, nionwe na baba yake, Mzee Kibona. Mzee ni mzee wa kanisa, mnene, mpole, anayepima maneno kama mtu anayepima mbegu, na alikuwa ameahidi kwamba jioni ya Krismasi atatamka kama nimtume mshenga au nirudi Tunduma nikatafute kwingine. Yaani ndoa yangu yote ilikuwa inangoja nimalize mchana mmoja bila kuharibu kitu.

Nilikuwa nimebeba flashi yenye kile kipindi cha sikukuu, nimeitoa ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Baada ya ibada, majirani wakajaa sebuleni kutazama, runinga inaendeshwa na betri ya sola, mvua inanyesha, na Atupele na mama yake wako jikoni, jiko liko nyuma kabisa ya nyumba. Katuni inaanza, Kiingereza kitupu. Shangazi yake Atupele, dada mkubwa wa Mzee, akageuka akaniangalia.

"Baba, wewe si umesoma usiku?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi tutafsirie, kama wale wanaotafsiri kwenye mabanda ya video. Unaweza?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema "siwezi". Neno jepesi, hata mtoto analitamka. Nikasema, "Shangazi, hilo nalo ni jambo la kuuliza?"

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri sana. Maneno mawili matatu nilikuwa nayashika, yaliyobaki nikawa nayajaza kwa utaalamu. Yule bibi wa kwenye katuni anayeendesha pikipiki nikamfanya anatoka Mlowo kuuza kahawa, mbuzi anayeongea nikamfanya wakala wa forodha, watu wakacheka mpaka wakashikana mabega, na shangazi akasema huyu kijana wamchukue hata leo. Nilivimba kichwa nikahisi mlango wa sebule hautanitosha kutokea.

Halafu mvua ikaongeza nguvu. Anayeijua mvua ya Desemba juu ya bati la Ileje anajua kwamba hapo hata ukipigiwa risasi sikioni utauliza, "Unasemaje?" Kile Kiingereza kidogo nilichokuwa nasikia kikafa chote. Nikabaki na picha na ile habari ya dereva wa lori. Na kwenye picha, baba mnene anapanda juu ya paa kufunga taa za rangi, anateleza, anaanguka, theluji yote ya paa inamshukia. Familia inakuja mbio. Inamzunguka. Wanavua kofia.

Nikasimama. (Hakuna aliyeniambia nisimame.) Nikasema kwa sauti ya mtangazaji wa redioni anaposoma matangazo ya vifo, "Ndugu zangu, saa iliyokuwa inasemwa imefika. Baba huyu ametutoka."

Mtu akauliza, "Kweli?"

"Habari hizi tulikuwa nazo Tunduma muda mrefu," nikamjibu. "Familia imeomba tuwe watulivu."

Baba Krismasi naye akatokea pale kwenye picha na gunia lake, nikawaeleza kwamba ndiye amekuja kuchukua roho, gunia ni la hiyo kazi. Na palepale betri ikaisha, runinga ikazimika, giza. Kama kungekuwa na chaji ya dakika moja tu zaidi, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Sasa niwaeleze kuhusu shangazi. Shangazi ndiye anayelilia wafu pale Mbebe. Msiba ukitokea hata kijiji cha pili wanamngoja yeye aanze. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba baba mwenye watoto amekufa Krismasi, akifunga taa kwa ajili ya wanawe, halafu utegemee akae tu. Alishuka kutoka kwenye kochi mpaka sakafuni, akatoa kilio kilichopenya mvua, bati na ukuta. Wanawake wengine wakapokea. Wanaume, kwa mazoea tu, wakatoka barazani, wakavua kofia, wakakunja mikono.

Mhudumu wa kanisa, ng'ambo ya barabara, akasikia kilio kikitoka nyumbani kwa Kibona, akachungulia, akaona wanaume wamesimama vichwa wazi. Akaenda kugonga kengele ya msiba.

Kule milimani kengele ile haihitaji maelezo. Mvua ilikuwa imeanza kukatika, watu wakaacha wali mezani. Wanawake walikuja na kuni na unga vichwani, wamejifunga vitenge kiunoni, kwaya ikaja imevaa majoho yale yale ya asubuhi, inaimba tangu njiani, na kila aliyeuliza ni nani alijibiwa na aliyesikia kidogo: "Baba. Yule mnene. Ameanguka kwenye paa." Palikuwa na baba mmoja tu mnene nyumba ile. Tena kuna mtu, nilikuja kuambiwa baadaye, alipiga simu kwa ndugu wa Itumba, "Njooni, Kibona hatunaye."

Na mimi nilikuwa nafanya nini? Jikoni nilishatuma mtoto aseme ni katuni tu inayoliliwa, waendelee kupika, nami nilikuwa nawapanga wageni mahali pa kukaa. Nilidhani wamekuja kwa ajili ya katuni. Nikajisemea moyoni, watu wa Ileje wana utu kweli.

Mzee Kibona muda wote huo alikuwa zizini, kuna ng'ombe alikuwa anazaa. Akaja akizunguka nyumba, amevaa buti za mvua, mikono ina damu na majani, akakuta uwanja umejaa na moto umewashwa. Kwa kuwa ni mtu wa adabu, akavua kofia, akasimama nyuma ya mwalimu wa kwaya, akainama akamnong'oneza, "Ndugu yangu, ni nani?"

Mwalimu wa kwaya akajibu bila kugeuka, "Kibona." Kisha akageuka.

Joho lake lilikutwa kesho yake kwenye migomba. Nusu ya waombolezaji walikimbia, nusu waliishiwa nguvu za kukimbia. Shangazi peke yake ndiye aliyemsogelea, akamgusa shavu, akasema, "Kumbe ni mzima, na mimi sauti nimeimaliza."

Mzee alipoelezwa kidogo kidogo, alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya rundo la kuni.

"Kijana, njoo. Nani amekufa nyumbani kwangu?"

"Shikamoo, baba. Amekufa yule wa kwenye katuni."

"Nani amekwambia?"

"Dereva wa lori."

"Huyo dereva ni ndugu wa marehemu?"

Watu wazima wakaanza kuangalia chini, mabega yanatikisika. Mzee akaagiza betri ya kanisa iletwe, runinga ikatolewa barazani ikawashwa, akamwita Atupele kutoka jikoni, mikono ina unga mpaka kwenye viwiko, akamwambia atafsiri. Baba mnene akainuka kutoka kwenye theluji, akajikung'uta, akasema kitu.

"Anasema hajaumia," Atupele akatafsiri. "Anauliza kama nyama imeiva."

Uwanja mzima ulicheka nikiwa katikati yake, kwaya, mhudumu wa kanisa, mpaka mama mkwe ambaye kwa heshima hakupaswa hata kunitazama. Unga na kuni za msiba zikapikwa hapo hapo, ikawa sikukuu kubwa ambayo Mbebe hawajaiona tena, na kila aliyekula alinipa pole ya kufiwa.

Jioni Mzee alitamka. "Mshenga aje," alisema. "Ila awe mtu anayesikia vizuri. Na wewe siku hiyo usitafsiri chochote."

Tangu hapo nimeapa: nikiulizwa kama naweza kitu, nakaa kwanza, nakunywa maji, halafu nasema siwezi, hata kama ni kufunga kamba za viatu. Hapa Tunduma nimeshapoteza vibarua kwa kiapo hicho, na sijali.

Lakini mpaka tunarudi, ndani ya gari, bado nilikuwa na swali moja, na nililisema kwa sauti ya chini ili abiria wasisikie: kama mchoraji amefariki, sasa nani anamchora yule baba mnene?

Atupele alinisogelea sikioni. Halafu akasema, "Katuni haichorwi na mtu mmoja. Wanachora watu wengi, wameajiriwa. Mmoja akifa, wanaajiri mwingine."