Aliyeonyesha Njia ya Katemo

Gracien wa Shituru, mtaa wa Likasi, alikuwa amefikisha miaka hamsini na sita alipoitwa "monsieur", yaani bwana, kwa mara ya kwanza maishani mwake, na neno hilo lilimlevya kuliko pombe.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa makala, yaani makaa ya miti. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha shaba, na yeye mwenyewe alianzia humo akiwa kijana. Mishahara ilipokatika, wenye shule walikwenda Lubumbashi, wenye nguvu wakaenda kuchimba madini Kamatanda, na Gracien akaitoa baiskeli ya marehemu baba yake, akaikaza kwa vyuma na kamba za mpira, akaelekea milimani. Kwa miaka ishirini na miwili alileta makala mjini. Baiskeli yenye magunia manne haipandwi. Mlimani unaisukuma kifua kikiwa juu ya usukani, na mteremkoni unaizuia kwa kisigino cha kiatu kwenye tairi, huku ukimtaja Mungu.

Wenzake wawili walisagwa na malori ya madini kwenye barabara kuu. Baada ya mazishi ya wa pili, mke wake Josée alimwambia, "Ukipita tena mu barabara ya kamyo, usirudie hapa." Basi Gracien akajifunza njia nyingine, zile za nyuma ya vilima, zilizopita kwenye mabonde ya miombo na vijiji ambavyo watu wa mjini walidhani vilikufa zamani. Zilikuwa ndefu, lakini mtu aliweza kusikia pumzi yake mwenyewe.

Habari zake zilimfikia Stéphanie, mwalimu wa jiografia kutoka Lubumbashi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyependa baiskeli kama wengine wanavyopenda kwaya. Yeye na marafiki zake walitaka kuwatembeza wageni kwa baiskeli katika nchi ya vilima. Alimkuta Gracien mbele ya nyumba yake akiziba tundu la mpira.

"Papa Gracien, tunatafuta njia ya kimya," alisema. "Njia yenye haina kamyo. Na vijiji vya zamani, vyenye viko na histoire."

"Kimya iko, madame. Iko mingi. Lakini kimya ya kwetu inapanda milima."

Stéphanie alicheka, na siku hiyohiyo wakapatana. Alimpa simu ya kufunga kwenye usukani, akamwonyesha namna inavyochora mstari wa buluu kila anapopita. Gracien alikwenda peke yake siku nne, akarudi na mistari mitatu. Mwalimu aliikagua mmoja mmoja, akasimamisha kidole kwenye ule wa tatu.

"Na huu mkia hapa, karibu ya kijito? Njia inaenda kushoto kidogo, inaishia, inarudi."

Gracien aliangalia pembeni. Pale alikuwa ameingia nyuma ya kichuguu kujisaidia, akasahau kwamba simu inamwangalia. "Niliona mizinga ya nyuki," alisema. Mkia ukabaki.

Mstari huo wa tatu ulikwenda Katemo, kijiji cha mama yake mzazi, kilomita ishirini na kidogo kutoka mjini. Kilikuwa na nyumba kumi na tisa juu ya kilima, na nyuma ya nyumba palikuwa na vifusi vya tanuri walizoyeyushia shaba mababu kabla ya mzungu kufika. Udongo mwekundu ulioungua, makapi meusi mazito, na katikati yake vijiwe vya kijani ambavyo hakuna mwanakijiji aliyeviokota. Makaburi yalikuwa hapohapo. Watu wa Katemo waliwazika wafu wao kando ya tanuri, kwa kuwa ndiyo kazi iliyowapa jina.

Aliyepatunza alikuwa Mama Bibiane, mdogo wa mama yake Gracien, mjane asiyecheka ovyo. Gracien alimletea sukari na sabuni, akaomba ruhusa.

"Unaleta bantu baone," alisema Bibiane. "Bon. Baone. Macho haibebi kitu. Lakini hata jiwe moja isitoke hapa. Unasikia, mutoto yangu?"

"Nasikia, mama."

"Sema tena."

"Hata jiwe moja, mama. Miye mwenyewe nitaangalia."

Kundi la kwanza lilikuja mwezi wa sita, watu saba. Walisukuma baiskeli zao nyepesi kwenye mlima na kuhema kama wagonjwa, na walipofika juu wakaliona bonde lilivyotandazwa chini yao. Gracien aliwaeleza tanuri, mivukuto ya ngozi, misalaba ya shaba iliyotumika kulipia mahari. Hakujua kama anayajua hayo mpaka alipoyasema. Mgeni mmoja, Jean-Claude, mtu mpole mwenye ndevu za kijivu, alimwuliza maswali mengi na kuandika majibu yote. "Monsieur Gracien," alimwita, "weye ni mwalimu kabisa."

Wakati wa kuondoka, Gracien alimwona Jean-Claude akiinama kwenye kifusi. Mkono wake ulishuka, ukapanda, ukaingia mfuko wa nyuma wa fulana. Kilikuwa kijiwe kisichozidi yai la njiwa.

Gracien alifungua mdomo. Angeweza kusema kwa upole, na yule mtu angeomba radhi na kukirudisha. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini Jean-Claude aligeuka, akatabasamu, akasema, "Monsieur Gracien, tunakufuata." Na Gracien akatangulia.

Njiani alijiambia kwamba kijiwe ni kijiwe. Jumapili kanisani, mchungaji alipowataka watu wafumbe macho na kutaja dhambi zao moyoni, alitaja nyingine.

Miezi mitano ilipita. Stéphanie aliweka mistari na picha kwenye mtandao ili wageni wa mbali wazione, na makundi mengine mawili yalikuja yakaenda. Kisha asubuhi moja ya majira ya mvua, Gracien akiwa njiani kwenda Katemo na unga wa Mama Bibiane, alisikia pikipiki zikinguruma karibu na kijito. Alisimama. Kutoka nyuma ya kichuguu, upande wa kushoto, zilitokea pikipiki tatu zenye wanaume sita, wamekwaruzwa na miiba, wamekasirika. Walikuwa na sululu, na mmoja alishika simu.

"Papa, jambo. Njia ya Katemo njo wapi? Simu inatuambia tupite huku, na huku iko kichuguu tu."

Gracien hakuhitaji kuangalia simu, lakini aliangalia. Mstari wa buluu, na mkia wake mdogo.

"Nani aliwapatia njia hii?"

"Iko mu internet, papa. Muntu yote anaiona. Patron yetu alionyeshwa jiwe ya kule, akaipeleka mu laboratoire kuipima. Wanasema ni nzuri sana."

Gracien aliwaelekeza upande wa bonde, njia ya kuzunguka, kisha akageuza baiskeli na kupanda mkato uliosimama wima, unga ukimwelemea nyuma. Alifika Katemo akitapika mate. Watu walitoka nje. Aliwaambia wanaume wanakuja, wana sululu, wafunge njia. Urbain, chifu wa kijiji, alimsikiliza akichezea kofia yake.

"Wana karatasi," alisema Urbain taratibu. "Walinikuta mjini wiki iliyopita. Niliambiwa nikikataa, watakuja na askari. Nilitia sahihi."

Pikipiki zilisikika bondeni, na nyuma yake kitu kizito zaidi.

Mama Bibiane hakumtazama chifu. Alimtazama Gracien. "Bantu hawa walijua namna gani?"

Hapo ndipo Gracien angeweza kusema mtandao, picha, mwalimu wa Lubumbashi. Yote yalikuwa kweli. Badala yake alipiga magoti kwenye matope, mbele ya kijiji kizima, akasema, "Mama, mugeni mumoja aliokota jiwe. Nilimwona. Nilinyamaza."

"Juu ya nini ulinyamaza?"

"Alikuwa ananiita monsieur."

Bibiane alichukua mfuko wa unga kutoka kwenye baiskeli, akaupeleka kwa jirani, akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

Stéphanie alikuja siku tatu baadaye, macho mekundu. Alikuwa amefuta kila mstari na kila picha. Alimpigia Jean-Claude simu, akaambiwa kwamba jiwe alimwonyesha tu rafiki mezani, bila nia mbaya, na rafiki akaliomba. Mwalimu aligonga milango ya ofisi, akaandika barua, akaandikisha majina ya wanakijiji. Ofisi moja ilimtuma nyingine. Barua zikiwa zinazunguka, mashine ya kuchimbia ilikula kilima. Iling'oa tanuri siku ya kwanza. Ilipofika makaburini, watu walipewa siku mbili kuhamisha wafu wao, na siku hizo mbili mvua haikukatika.

Gracien alichimba pamoja nao, wakawazika tena bondeni, mama yake mzazi akiwa miongoni mwao. Mifupa ya bibi yake aliifunga kwa shuka la kitanda chake mwenyewe.

Nyumba zilianza kupasuka, na familia zikaondoka moja moja kwenda kwa ndugu, wengine Kakontwe, wengine pembezoni mwa Likasi. Gracien aliwabebea mizigo. Milango, masufuria, kuku, cherehani, msalaba wa kanisa lao dogo. Alikwenda na kurudi kwa wiki tano, goti likiwa limevimba kama boga. Wengine walimshukuru. Mwanamume mmoja alimtemea mate miguuni, kisha akampa kitanda akifunge. Josée alipomsihi apumzike alijibu, "Nitapumzika na nini?"

Mama Bibiane alikuwa wa mwisho. Asubuhi ya kuondoka alimkuta Gracien mlangoni ametandika mto kwenye kiti cha nyuma, ili ampandishe. Alimpita. Alijitwika kapu lake kichwani, akashika fimbo, akaanza kushuka kilima kwa miguu, mwanamke wa miaka sabini na mitatu.

Gracien alimfuata hatua kumi nyuma, akikokota baiskeli tupu. Walitembea hivyo tangu alfajiri. Bibiane aliposimama kunywa maji, Gracien naye alisimama. Mama alipokaa chini ya mti, yeye alikaa chini ya mwingine. Malori yaliwapita yakiwa yamejaa udongo mwekundu, na njia ile ya kimya sasa ilikuwa pana kama uwanja, vumbi lake likiwaingia machoni. Saa saba, kwenye mlima wa mwisho kabla ya Kakontwe, Bibiane aliteleza akapiga goti moja. Gracien alikimbia. Mama alinyoosha mkono kumzuia, akainuka mwenyewe. Alihema. Kisha alishusha kapu kichwani, akaliweka juu ya ule mto, akaendelea kupanda.

Bibiane anaishi Kakontwe sasa, kwa binti yake Carmel, chumba kimoja karibu na machimbo ya chokaa, ambako majani ya mihogo ni meupe kwa vumbi. Stéphanie bado anafuatilia barua. Mwaka jana alimwomba Gracien amwonyeshe njia nyingine, upande wa mashariki, kukiwa na masharti, hakuna simu, hakuna picha. Gracien alimjibu kwa heshima kwamba njia hizo hazijui. Anazijua zote.

Amerudia makala. Kila Jumamosi hupitia Kakontwe na kuacha nusu gunia mlangoni kwa Carmel. Kwa miezi minane Bibiane hakutoka nje mpaka awe ameondoka. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa alitoka, akasimama akiangalia magunia yalivyofungwa.

"Mama yako alikufa na miaka ngapi?" aliuliza.

"Makumi sita na mbili, mama."

"Alikuwa anakupenda sana. Alikuharibu." Alivuta kitenge mabegani. "Tulimuzika tena kule kwa bonde, lakini sijue kama mvua haikufungua udongo. Weye ulienda kuangalia?"

"Hapana, mama. Niliogopa."

Bibiane aliangalia upande wa vilima, ambako mtu hawezi kuona kitu kutoka pale ila vumbi.

"Enda kesho," alisema. "Halafu kuya uniambie. Uniambie yenye uliona, hata kama ni mubaya."

Akaingia ndani. Gracien aliweka makala ukutani, akafuta mikono kwenye suruali, na akabaki amesimama hapo mpaka Carmel alipomwuliza kama anataka maji.