Saa Inayohesabu Kurudi Nyuma

Tangu bidhaa za nje ziwe ruksa, duka la saa hapa mjini Morogoro limejaa vitu ambavyo muuzaji mwenyewe hajui kazi yake. Juzi nilimkuta humo dada mmoja akichagua saa ya kuanzia mashindano ya mashua za tanga huko Dar.

"Nataka inayolia kwa nguvu. Macho yangu yatakuwa kwenye tanga."

Bibi mmoja wa Mgeta, kapu la karoti mkononi, akauliza, "Sasa mnajipanga wapi, mwanangu?"

"Hatujipangi, bibi. Mashua haisimami. Tunazunguka huku tunahesabu, ili saa ikilia tuwe tunavuka mstari wa kuanzia kwa kasi. Ukivuka kabla haijalia, unarudi nyuma."

"Kumbe mnakimbia kabla ya kuanza!" Bibi akashika mdomo.

Dada akabonyeza saa mojawapo, akafumba macho, mkono ukashika usukani usiokuwepo. Saa ikahesabu kuelekea sifuri.

Ikalia.

"Hii hii," akasema dada.

Sisi tuliokulia kwenye foleni ya sukari tunajua kusubiri ni kusimama. Lakini nilipotazama chini, mimi, bibi na muuzaji tulikuwa tumepiga hatua mbele.