Nelda Melini, Doyle Nyumbani

Nelda Stubbs hakuwa mtu mbaya. Alipika jikoni mwa shule ya msingi mpaka akastaafu, aliimba kwaya, na mtaani kwao mgonjwa hakulala na njaa yeye akiwepo. Ila alikuwa na wivu. Wengine huugua sukari, wengine presha. Yeye aliugua Doyle, mumewe, mzee mwenye kitambi na masikio makubwa. Dada yake Opal alimwambia waziwazi kwamba hakuna mwanamke mwingine Florida nzima anayemtaka yule mzee. Nelda akanuna wiki nzima, maana hata hilo aliliona ni tusi.

Adui yake alikuwa Twyla, mjane aliyekaa ng'ambo ya barabara katika nyumba ya matofali, mkabala na trela ya akina Stubbs, nyumba nyepesi ya bati juu ya magurudumu. Kosa la Twyla lilikuwa pudini ya ndizi. Siku ya chakula cha pamoja kanisani Doyle aliila, akalamba kijiko, akarudi kuongeza, kisha akatamka mbele za watu kwamba hajapata kuonja pudini kama ile. Mkewe alikuwa amesimama pale pale na sinia la pudini yake mwenyewe mkononi. Tangu siku hiyo Twyla akipunga mkono asubuhi, Nelda huupima ule mkono umepungwa kwa muda gani na umemlenga nani.

Sasa, ikifika Septemba meli za starehe zinazotoka Tampa hushusha bei, kwa kuwa ni msimu wa vimbunga na wenye akili hubaki nchi kavu. Wastaafu wa Florida huo ndio msimu wao. Opal akakata tiketi mbili za kwenda Bahama. Doyle hapandi meli, hutapika hata kwenye kiboti cha kuvulia samaki, kwa hiyo Nelda alimjazia friza nyama na supu, akambusu, akaitazama nyumba ya ng'ambo kwa jicho baya, akaondoka.

Hawajafika mbali nahodha akatangaza kwamba kimbunga kinaingia ghuba, hivyo meli itageuka iende Meksiko, na huenda ikachelewa kurudi. Abiria wakapiga makofi kwa kuongezewa likizo. Ndivyo mambo yalivyo huku kwetu: meli ina pa kukimbilia, nyumba haina. Juu watu walijipaka mafuta ya jua na kucheza bingo, huku vyumbani televisheni zikionyesha ramani ya pwani yao imefunikwa na ile pembe nyeupe inayoonyesha njia ya kimbunga, ambayo kila mtoto wa Florida anaijua.

Doyle alipiga simu mchana. Alisema serikali imeamuru wote wanaokaa kwenye trela watoke, na Twyla amemkaribisha kwake. Tena wanachoma nyama zote za friza kabla umeme haujakatika, kama watu wafanyavyo kila kimbunga kikikaribia. Ameshahamisha na za Nelda, ziko motoni. Twyla naye ameandaa pudini. Maskini, aliyasema yote hayo kwa moyo mweupe kabisa.

Wivu ukampanda Nelda mpaka masikio yakamziba. Aliwaona wawili hao gizani, mshumaa katikati, mvua inapiga dirisha, na mafuta ya nyama yake yanachuruzika vidoleni mwa yule mwanamke.

"Doyle, nisikilize vizuri," alisema. "Ukilala kwa huyo mwanamke, nikirudi usinitafute."

"Mama, wamesema tutoke."

"Kila mwaka wanasema, na kila mwaka kinapita pembeni. Utalala kwenye kitanda chako. Niahidi."

"Haya. Nakuahidi."

Opal, aliyekuwa akisikiliza, alimuuliza kama anajua alichomwambia mumewe. Nelda akamjibu kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, ndiyo maana amemfunga mtu wake kwa ahadi. Jioni Doyle alipiga tena. Upepo umeanza, alisema, naye yuko kwao, ameketi kitandani. Nelda akashukuru, akalala usingizi mnono.

Alipoamka, kimbunga hakikuwa kimepita pembeni. Kilikuwa kimekata kona na kuingia pwani yao moja kwa moja. Simu ya Doyle haikuita. Bandari ilifungwa, na meli ikabaki ikizungukazunguka kwenye jua kali. Televisheni ilionyesha eneo moja la trela karibu na kwao, hazitambuliki, zimebiringishwa na kupasuliwa kama makopo. Opal hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Nelda alijifungia chumbani akapiga magoti, na mwanamke yule ambaye alikuwa hawezi kuvumilia hata mkono ukipungwa akaanza kumwomba Mungu kwamba mumewe awe amelala kwa Twyla. Awe amelala sofani, sakafuni, hata kitandani mwa Twyla, popote Mungu atakapo, mradi awe amevunja ahadi.

Bandari ilipofunguliwa, Opal aliendesha gari akikwepa miti iliyoanguka. Pale penye trela palikuwa pamebaki ngazi za saruji peke yake, hazipandi kwenda popote. Ng'ambo ya barabara nyumba ya matofali ilisimama, imepoteza vigae kadhaa tu, na barazani alikuwa ameketi Doyle, anakunywa kahawa.

Nelda alimkumbatia akalia mpaka kahawa ikamwagika. Alipopata pumzi akauliza alikuwa wapi ile jioni alipopiga simu.

"Hapa. Kwenye sofa la Twyla."

"Ulisema uko kitandani kwetu."

"Nilikudanganya."

Twyla alitokea mlangoni na taulo. "Nilimshauri mimi, jirani," alisema. "Nilimwambia akudanganye, ulale kwa amani."

Nelda alijua neno la shukrani la kumwambia yule mama. Lilikuwa pale kooni, alilibeba tangu baharini, na Twyla alistahili kulipokea. Lakini jicho lake likamtangulia. Likatua kwenye shati alilovaa Doyle, la bluu, zuri, la kumtosha sawasawa, ambalo yeye Nelda hakuwahi kulifua.

"Hilo shati ni la nani?" aliuliza.

Doyle akaweka kikombe chini taratibu.

"La marehemu mumewe," alisema. "Ningekutii, Nelda, marehemu tungekuwa wawili."

Nelda alisimama akimtazama. Kisha akainama, akamfunga vifungo vya lile shati kimoja kimoja mpaka cha shingoni.