Nyavu Kwenye Waya wa Simu ya Upepo

Harufu ya nyavu zilizolowa ndiyo inayonirudisha kwenye kilima kile karibu na Garsen. Nilikuwa msichana mdogo, mwoga wa kusema mbele za watu. Mto Tana ulikuwa umefurika, ukameza mahindi na migomba, na sisi Wapokomo tukapanda kilimani pamoja na wafugaji Waorma na ndama wao. Huko juu serikali ilikuwa imesimamisha mlingoti wa chuma, na chini yake kibanda cha mabati alimokaa karani wa simu ya upepo, redio ya kuzungumza na vituo vya mbali. Waya mrefu ulitoka mlingotini hadi kwenye nguzo ya pili. Kwetu, maji yakija, kila kitu huinuliwa kutoka ardhini. Basi tukaanika nyavu, mikeka na kambare kwenye waya ule.

Mama alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Bibi, aliyezalisha nusu ya kijiji, alitoka nyuma ya majamvi yaliyomsitiri mama akamwambia baba, "Mikono yangu imefika mwisho. Aitwe daktari wa Kipini." Baba akakimbilia kibandani. Muda si muda karani akatoka amefura.

"Nani ameanika samaki kwenye waya wangu? Kipini hawanisikii!"

"Si ulikuwa mtupu, karani," bibi akajibu. "Tungejuaje?"

"Bibi, huo ndio mdomo wa simu. Mmeujaza kambare!"

Watu wakacheka, kisha wote wakaukimbilia waya na kuanua kila kitu. Ulipokuwa mtupu, karani akasema, "Sasa nyamazeni, sauti yao ni ndogo," akaingia ndani.

Sisi tulidhani hata kikohozi kingelizuia neno lisifike. Kilima kizima kikanyamaza. Mzee mmoja wa Kiorma, aliyegombana na baba kila mwaka kwa sababu ya ndama kuingia shambani, alimfunga ndama wake mdomo kwa shuka yake mwenyewe. Karani alipotoka alitukuta bado tumebana pumzi.

"Wanakuja," alisema. "Pumueni basi!"

Mashua ya injini ilimleta daktari jioni ile, na mdogo wangu akazaliwa palepale kilimani.

Siku hizi simu imefika dukani Garsen. Mtu hupiga kelele ndani yake huku wauza ng'ombe wakibishana mlangoni, na husikika vizuri. Nafurahi kwamba imekuwa rahisi. Lakini mama husema ukimya wa siku ile ulimtisha kuliko uchungu. Alidhani amekwisha kufa. Akainua pembe ya jamvi, akaona watu wote wameziba midomo kwa mikono, ndipo akajua kwamba anangojwa.