Waliopanda Paa la Mama

Jambo lililoninyima usingizi likizo ile lilikuwa hili: je, niende mlango kwa mlango nikawaombe radhi watu ninaowachukia, au nimwezekee mama mabati nisiwaombe chochote tena maishani?

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepangiwa kufundisha Lindi mjini, na nilikuwa na majuma matatu tu ya kukaa nyumbani Kilwa Kivinje. Masika ilikuwa inakaribia. Upande mmoja wa paa la mama ulikuwa mzima. Upande wa pili, makuti yalikuwa yameoza hadi ukilala kitandani unaona mbingu. Na aliyesababisha upande ule uachwe vile ni mimi, kwa mdomo wangu.

Mtaani kwetu mtu hakuezeka nyumba yake peke yake. Wanawake walishona makuti kwa miezi, kisha siku ikipangwa wanaume wakapanda kuyafunga. Mwenye nyumba alibaki chini. Walio juu walikuwa na ruhusa ya kumsema. Yote waliyomwekea moyoni tangu alipoezeka mara ya mwisho waliyatupa chini pamoja na makuti mabovu: wewe bahili, wewe una maringo, msiba wa fulani hukufika. Wa chini hajibu. Anacheka, anapika, anapeleka maji. Jioni watu wanashuka, wanakula wali, na inasemekana yaliyosemwa juu yameachwa juu.

Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa likizoni kutoka chuoni siku watu walipompandia mama. Mmoja wao alikuwa seremala, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Akainamia uani akasema, "Mama wa msomi, hitima ya kumkumbuka mumeo mwaka jana ulipika kwa nazi ngapi? Mbona sisi tulikula chumvi tupu?"

Watu wakacheka. Mama akacheka. Mimi nikasimama katikati ya uani, na kwa sauti tuliyoitumia kwenye midahalo ya chuo nikawaambia kwamba wao ni wazembe wanaolipwa kwa matusi, kwamba mabati yatamaliza ujinga huu wote, na kwamba miaka kumi ijayo hakuna atakayewahitaji.

Seremala akamaliza kufunga kamba aliyokuwa anaifunga, akashuka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Wali ulibaki kwenye sufuria, mama akaupeleka msikitini. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga kwetu na kuti mkononi.

Basi likizo ile nikawa nazunguka chumbani na hesabu zangu. Nikianza na seremala, balozi wa nyumba kumi ataona nimemruka. Nikianza na balozi, seremala atasema nimekwenda kumshtaki. Nisipoomba radhi, mama atanyeshewa mimi nikiwa Lindi nafundisha. Nikinunua mabati, nitakuwa nimethibitisha kila walichonisema, kwamba usomi umenipa maringo. Siku nne zilipita hivyo. Siku ya tano nikaenda kwa balozi, kwa sababu hata mabati hayakupatikana duka la ushirika bila barua yake.

"Shikamoo, mzee."

Aliiacha shikamoo yangu ining'inie kwanza. "Marahaba. Msomi kashuka kwetu leo."

Nikamweleza habari ya paa. Akanisikiliza huku anachokonoa meno kwa njiti.

"Si ulisema miaka kumi? Imebaki minane. Vumilia."

"Mzee, masika haisubiri."

"Barua nitakuandikia, ni haki yako. Lakini nikuulize. Huko redioni kila siku mnatuhimiza ujamaa, tufanye kazi pamoja. Sisi tuliokuwa tunafanya pamoja hata kabla ya redio, wewe ndiye uliyetufukuza. Sasa mama yako akiumwa atamwita nani, bati?"

Akatupa njiti yake.

"Au fanya hivi. Watu nitawaita mimi. Wewe ukae uani kwa mama yako, usemwe tangu asubuhi mpaka jioni. Ukinyamaza, yamekwisha."

Nilirudi nyumbani mwepesi. Niliiona ni haki, tena niliiona ni heshima. Chuoni nilikuwa nimeandika insha ndefu ya kuzisifu kazi za pamoja za wazee wetu, na sasa nikajiona mtu anayeokoa kitu kisipotee kwa sababu ya karatasi za chuma. Nilikwisha kupanga hata nitakavyokaa, mikono magotini, nikitabasamu.

Mama alikuwa uani juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikampa habari. Hakuacha kukuna.

"Nani amekutuma kwa balozi?"

"Hakuna. Nimejituma."

"Wewe umesikia watu wakinisema mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na hukuweza. Mimi tangu baba yako afe wamenipanda mara nne. Mara ya kwanza nimetoka eda majuzi tu, mtu yuko juu anauliza siku hizi nani analala upande wa pili wa kitanda. Nikacheka. Nikampelekea maji."

Nikakumbuka kwamba nilipokuwa mdogo, kila ikifika siku ya kuezeka, nilipelekwa kwa babu, kijiji cha Tingi, kukaa shamba siku mbili tatu. "Ndiyo maana ulikuwa unanipeleka Tingi?"

"Ulitaka ubaki usikie?"

"Lakini mama, si wanasema yanaachwa juu?"

"Juu ya nani? Wao wakishuka wanarudi kwao. Anayelala chini yake ni mimi." Akakung'uta kifuu, akachukua kingine. "Siku ile ulipowajibu nilikukasirikia kwa ajili ya paa, basi. Si kwa maneno."

Nikasimama pale nikiona aibu. Mama wa watu amepandwa kichwani miaka yote hiyo, na mimi nimekwenda kukubaliana na balozi apandwe mara ya tano, maana mwenye nyumba bado ni yeye, eti nitakuwa pale nikitabasamu. Nilimchukia balozi na njiti yake. Nikaichukia na insha yangu, na mwalimu aliyenipa alama nzuri kwa ajili yake.

Sisemi mabati ni mazuri. Mchana yanachoma, na mvua ikipiga humsikii hata mtu wa kando yako. Tena nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa bibi mmoja mshona makuti, ambaye sijawahi kumsikia akimtukana mtu, na mabati yakienea vidole vyake havitakuwa na kazi. Hilo nililifikiria sana na bado nalifikiria. Watakuja wasomi wataandika kwamba bati ndilo lililovunja ujirani wa pwani yetu. Waandike. Lakini wakamuulize kwanza mjane.

Asubuhi nilirudi kwa balozi.

"Nimekuja kuchukua barua, mzee."

"Na ile shughuli yetu?"

"Haipo."

"Mama yako anajua?"

"Mama ndiye aliyekataa."

Akavuta karatasi akaandika, mwandiko mkubwa wa hasira. Hakuniaga, na mimi sikuaga.

Mabati niliyachukua duka la ushirika la Kilwa Masoko, nikayaleta kwa lori pamoja na fundi wa huko huko, asiyemjua mtu yeyote Kivinje. Tulipokuwa tunayashusha, wanaume walikuwa wamekaa kwenye baraza la seremala. Hakuna aliyenyanyuka.

"Msomi," seremala akaita, "hayo yatakupigia kelele usiku kucha."

"Yatapiga," nikamjibu. "Lakini hayamjui mama."

Hakucheka mtu. Nikashika ngazi, fundi akapanda, akaanza kung'oa makuti ya upande uliooza. Yalipokwisha nikamwambia ang'oe na ya upande mzima.