Kistari Kabla ya Tisa

Saa moja kamili jioni, Jumapili moja ya Septemba 1998, timu yangu ya futiboli ya Kimarekani ilianza msimu. Naiita yangu ingawa Marekani sijawahi kukanyaga. Niliitazama katika mgahawa wa Overport, Durban, wenye televisheni ya dishi, daftari mapajani. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, karani wa ghala kule Mobeni, na mchezo huo nilijifunza peke yangu, kutoka magazeti ya Kimarekani yaliyofungiwa vipuri ndani ya makasha. Niliyakunjua, nikayanyoosha, nikayasoma kwa kamusi.

Mke wangu alikuwa Tanga. Nauli ya kumleta Durban nilikuwa nayo. Sikuwa na malipo ya awali ya chumba. Nilikaa na kinyozi Mkongomani, kitanda chake na changu vikitenganishwa na pazia. Mwanamke wa heshima humleti nyuma ya pazia. Nikaanza kubashiri mechi za timu ile, kidogo kidogo, katika duka la kamari. Mimi Mwislamu. Niliiita hesabu.

Kufikia Desemba nilikuwa nimepata mara nyingi kuliko nilivyokosa. Zikabaki mechi mbili za msimu. Nikaweka nauli yote kwenye ile ya Jumapili.

Jioni hiyo kinyozi alikuja nami. Dakika ya mwisho tulikuwa mbele, ishirini kwa kumi na nne, na mpira ulikuwa wetu, hatua chache tu kutoka mstari wa wapinzani. Mrusha mpira wetu akaupokea, akapiga goti chini. Akarudia.

"Papa, huyu iko mgonjwa?" kinyozi aliuliza. "Mlango iko pale, yeye anasali?"

"Anamaliza muda. Akikimbia anaweza kuupoteza mpira. Hiyo ndiyo akili ya mchezo."

"Basi tuko na gagner?"

"Tumeshinda."

"Mama anakuja! Mimi nitalala wapi sasa? Kwa salon, chini ya kiti?"

Nilicheka na kumnunulia chai. Lile goti nililipigia makofi.

Jumatatu nilipitisha tiketi kwenye dirisha la duka la kamari. Dada aliyekuwa pale aliisoma, akanisukumia.

"Eish, baba. Imepoteza."

"Timu imeshinda."

"Kwa pointi sita. Hapa ulitaka ishinde kwa zaidi ya tisa."

Nikauliza hiyo tisa imetoka wapi. Akaweka ukucha kwenye karatasi, juu ya kistari kilichotangulia namba.

Kwa miaka ishirini, bandarini Tanga na kisha Mobeni, kistari kabla ya namba kilikuwa alama ya karani: nimehesabu, ni sahihi. Nimechora maelfu. Mechi yetu ilikuwa ya tisa katika orodha ya siku ile, kwa hiyo nilipoona kistari na tisa niliona kazi ya karani mwenzangu, nikaheshimu. Kumbe zilikuwa pointi tisa walizoikata timu yangu kabla mchezo haujaanza. Malipo yaliyoahidiwa yalikuwa makubwa kuliko kawaida; nilidhani ni kwa sababu msimu unakwisha. Aliyejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia ukurasa gani ameuruka.

Hatua zile chache zingeongeza pointi sita. Lakini timu ilihitaji ushindi tu, na ushindi iliupata kwa kupiga goti.

Nilimpigia mke wangu kutoka duka la simu, nikamwambia kwamba mwenye chumba amegeuka.

"Pasipoti ninayo mkononi," alisema. "Nimeshawaaga majirani, mume wangu. Sasa nikawaambie nini?"

"Waambie mwakani."

"Wewe ndiye unaniambia mwakani, au huyo mwenye chumba?"

Alisubiri jibu mpaka dakika nilizolipia zikaisha.

Mwakani hakuja. Mwaka uliofuata aliacha kuuliza, na uliofuata huo aliomba talaka kwa barua ya mistari minne, bila neno moja baya. Niliitoa. Sikuwahi kumwambia kwamba chumba hakikuwa na kosa, wala kwamba nauli yake ilikwenda siku moja: randi elfu moja mia sita na arobaini.