Mwanamke Aliyeitazama Droni

Droni niliinunua kwa kujifurahisha tu. Jumapili, duka langu la dawa la Mkuyuni likiwa limefungwa, nilikuwa nakwenda upande wa Kigongo, natafuta uwazi mbali na daraja na mbali na watu, nairusha juu ya ziwa. Kibali changu kilikuwa cha burudani, na sikuwahi kufikiria kingine.

Kisha mteja wangu mmoja, mzee wa Kihindi ambaye ukoo wake umefanya biashara mjini tangu enzi za babu yake, akaona picha kwenye simu yangu nilipokuwa namfungia dawa za presha. Ilikuwa ghuba ndogo asubuhi, mitumbwi mchangani, na mwanamke mmoja peke yake ukingoni mwa maji.

"Binti, niuzie hii," akasema. "Nitaiweka kubwa ukutani hotelini kwangu, mgeni akiingia tu aione."

Nilifurahi, ila nikamwomba anipe muda niulizie. Afisa wa vibali alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ukirusha kwa starehe, hiyo ni starehe," akaniambia. "Ukitaka kuuza picha, hiyo ni biashara, na kibali chake kinaombwa kabla ya kurusha, si baada."

Nikasema basi nitaomba, nipige upya. Akaikuza ile picha. "Na huyu mama anatambulika. Umemwomba ridhaa?"

Sikuwa nimemtazama vizuri. Alikuwa ameinua uso, macho yake yameelekea kamera moja kwa moja. Nilipofika nyumbani Mkolani nikafungua picha za Jumapili zilizopita. Zote alikuwemo. Hata zile nilizopiga kutoka juu sana, ambako mlio haufiki chini, alikuwa ameinua uso vilevile.

Jumapili iliyofuata nilikwenda bila droni. Nikamkuta palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo hukuja na kidege chako."

Hatukuwahi kuonana. Siku zote nilikuwa nasimama mbali, nyuma ya mawe. Nikamweleza habari za hoteli, na kwamba sheria inataka nimwombe kwanza. Alisikiliza bila kuondoa macho ziwani.

"Mume wangu alikwenda kuvua miaka mingi iliyopita, hakurudi," akasema. "Si yeye, si mtumbwi. Sisi wa huku chini tunaona maji tu. Kidege chako kinaona ndani. Nionyeshe."

Nikampa simu. Akaipita sura yake mwenyewe bila kusimama, akasogeza picha kwa kidole mpaka pembeni, mahali ambapo sikuwahi kupaangalia. Chini ya maji palikuwa na kivuli kirefu, kimechongoka ncha zote mbili.

"Ni huo," akasema.

Shemeji zake wawili, wavuvi, walitupeleka hapo kwa mtumbwi wao wa injini. Mmoja alishika simu, akilinganisha na mawe ya ufukweni, kisha akaashiria injini izimwe. Mwenzake akashusha nanga. Kamba ikaenda, ikaenda, ikaisha mkononi mwake, nanga haijagusa kitu.

"Hapa ni kina kirefu," akasema akiivuta. "Kwa kina hiki hakuna kinachoonekana toka juu."

Mama akainama, akaweka kiganja juu ya maji, akakiacha hapo kama anayepima homa ya mtoto. Tukamsubiri.

Tulipofika nchi kavu akaniambia, "Nichapishie moja, yangu. Ya hoteli hapana. Watu watakuwa wanakunywa chai wakimtazama."

Nilidhani yule mzee atacheka nikimsimulia. Badala yake akauliza taratibu, "Kile kivuli upande wa kushoto?"

"Unakijua?"

"Nilikiona siku ile ile uliponionyesha picha. Nilidhani ni mwamba." Hakuitaja tena hoteli.

Kibali cha biashara sikuomba. Nilichapisha picha moja, nikampelekea mama, nikakuta wamefunga turubai uani kwake na wanawake wameketi kwenye mikeka. Miaka yote hiyo hawakuwa wameomboleza, kwa kuwa hapakuwa na mwili. Picha ikawekwa juu ya kiti, imezungushiwa kitenge, mchungaji akaomba. Mchele ulitoka kwa yule mzee, uliletwa kimyakimya asubuhi ile. Mama akanivuta nikae karibu naye, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi, na kilibaki baridi mpaka watu walipoanza kutawanyika.